Lipi Lilitangulia? Namna ya Kupanga Matabaka ya Miamba kwa Umri, kwa Mifano ya Kigoma

Mwanafunzi aliyekariri kwamba tabaka la chini ndilo la kale, akipelekwa juu ya vilima vinavyouzunguka mji wa Kigoma na kuulizwa kipi ni cha zamani zaidi kati ya mwamba anaoukanyaga na matope yaliyo kwenye sakafu ya Ziwa Tanganyika, mara nyingi hujibu kwamba ni matope, kwa sababu yako chini. Kanuni aliyoikariri ni sahihi, ila ameitumia mahali pasipoihusu. Uso wa ziwa uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na kina chake kikubwa kabisa ni kama mita 1,470, kwa hiyo sehemu ya sakafu yake iko mita 700 hivi chini ya usawa wa bahari. Hata hivyo matope hayo yangali yanatua mpaka leo, ilhali miamba ya vilima ilikwisha kugandamana mamia ya mamilioni ya miaka kabla Bonde la Ufa lililobeba ziwa hilo halijapasuka.

Mwongozo huu unaeleza jinsi wanajiolojia wanavyotambua mfuatano wa matabaka bila kutumia maabara. Umri unaopatikana kwa njia hii hauna tarakimu: hautaji miaka, bali unasema tu kwamba hiki kilitangulia kile. Ni kama kumjua mtu kuwa ni kaka au mdogo wa mwenzake bila kujua mwaka aliozaliwa. Watu hudhani kwamba elimu ya namna hiyo ni pungufu. Mimi naona ndiyo msingi wa yote, kwa kuwa kipimo cha maabara kinachopingana na mfuatano unaoonekana kwa macho ndicho kinachotiliwa shaka kwanza.

Mahali pa kuanzia

Tafuta mahali ambapo ardhi imekatwa na ndani yake kuonekana: ukingo wa barabara iliyochongwa kwenye kilima, machimbo ya kokoto, korongo lililochimbwa na mvua, au jabali la ufukweni. Kwenye machimbo omba ruhusa kwa mwenyewe, na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Gombe usivunje wala kuokota jiwe lolote. Msimu mzuri ni kiangazi, kwa sababu masika kingo hizi huporomoka bila taarifa. Beba daftari, penseli (wino wa kalamu huyeyuka ukilowa), futi ya kupimia, dira, nyundo, lenzi ya mkononi, na kichupa cha siki. Siki ni ya kutambulisha mawe ya chokaa: ukiidondosha juu ya unga uliokwangua kwenye jiwe nayo ikatoa povu, jiwe hilo lina chokaa. Jiwe la dolomaiti, ambalo ni ndugu wa chokaa, hutoa povu hafifu sana, na pengine lisionekane bila lenzi.

Ukifika, usianze kwa kugonga mawe. Rudi nyuma hatua ishirini au thelathini, kaa chini, uchore. Picha ya simu inafaa kwa kumbukumbu, lakini haikulazimishi kuamua mstari unaishia wapi, na kuamua huko ndiyo kazi yenyewe. Chora kila mpaka kati ya tabaka na tabaka, kila ufa, kila mshipa, kisha vipe herufi. Herufi hizo zisiwe na maana ya umri; ukianza kuita tabaka "la kwanza" kabla ya kulichunguza, utajikuta unatafuta ushahidi wa kulitetea jina hilo.

Hakikisha pia kwamba mwamba unaouchora uko pale ulipozaliwa. Niliwahi kupoteza asubuhi nzima nikiwa na wanafunzi, tukipima matabaka mazuri yaliyokaa karibu wima, tukabishana juu ya nguvu iliyoyasimamisha, mpaka mmoja wao alipozunguka nyuma na kukuta kwamba tulikuwa tunapima bonge kubwa lililoporomoka kutoka juu. Nyuma yake palikuwa na nyasi na takataka za plastiki.

Juu ni wapi?

Kanuni ya kwanza iliandikwa mwaka 1669 na Nicolas Steno, mzaliwa wa Denmark aliyekuwa akifanya kazi Italia. Alisema kwamba katika rundo la matabaka yaliyotulizwa na maji, la chini lilikuwako kabla ya la juu, kwa kuwa tabaka haliwezi kutua hewani. Aliongeza kwamba matabaka ya namna hiyo hutua yakiwa yamelala, na kwamba huendelea kutambaa pande zote mpaka yakutane na kizuizi au yafifie. Yote matatu yanaonekana kuwa mambo ya kawaida. Ugumu unakuja pale ardhi ilipokunjwa baadaye kiasi cha kupindua rundo zima, tabaka la zamani likawa juu kama ukurasa wa kitabu uliogeuzwa. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu, tafuta alama zinazoonyesha upande uliokuwa juu wakati tabaka linatua.

Alama iliyo rahisi kuielewa unaweza kuitengeneza nyumbani. Chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana, isiyokuwa na mabaki ya mawese, maana mafuta hushika chembe na kuziharibia mwendo. Tia changarawe kidogo, mchanga wa ziwani na udongo wa mfinyanzi, jaza maji, tikisa kwa nguvu, kisha iweke dirishani. Changarawe hufika chini papo hapo, mchanga hufuata katika muda wa kuhesabu moja hadi kumi, na matope hubaki yakiyatia maji wingu mpaka kesho yake. Asubuhi utaona tabaka moja ambalo chembe zake ni kubwa chini na zinazidi kuwa laini kadiri unavyopanda. Ukikuta mpangilio huo kwenye mwamba, upande wa chembe laini ndio uliokuwa juu. Ukiwa umegeuka, chembe kubwa zikiwa juu katika tabaka moja baada ya jingine, shuku kwamba rundo limepinduliwa. Mara moja peke yake haitoshi, kwa sababu mto uliofurika unaweza kuleta kokoto juu ya mchanga bila jambo lolote la ajabu kutokea.

Alama nyingine ni makunyanzi ya mchanga. Tembea kwenye maji ya kifundoni ufukweni Kibirizi siku tulivu, utayasikia chini ya nyayo: yale yanayotengenezwa na mawimbi yanayokwenda na kurudi yana ncha kali zilizoelekea juu na mabonde ya mviringo kati yake. Yakigandamana, ncha hizo hubaki zikielekea kule kulikokuwa juu. Vilevile matope yaliyokauka juani hupasuka vipande vipande, na kila ufa huwa mpana juu na mwembamba chini. Mchanga ukija kuujaza, unabaki ndani ya mwamba kama kabari iliyoelekeza ncha yake ardhini. Katika lava, mapovu ya gesi hupanda na kukusanyika karibu na uso kabla haijaganda, kwa hiyo upande wenye vitundu vingi kwa kawaida ndio wa juu. Tafuta alama mbili au tatu zinazokubaliana, ndipo uandike mshale wa "juu" kwenye mchoro wako.

Kilichokatwa kilikuwako

Rundo likishajulikana, geukia vitu vinavyolikata, maana ndipo penye habari nyingi. Kanuni yake unaweza kuiona kwenye ukuta wa nyumba kongwe yoyote pale Ujiji. Chukua ukuta uliopakwa chokaa mara kadhaa, na rangi zake zinaonekana pale zilipobambuka: nyeupe, kisha ya bluu, kisha nyeupe tena, na juu kabisa njano. Kuna ufa unaopita katika rangi tatu za kwanza, lakini njano imepita juu yake bila kupasuka. Bila kumuuliza mwenye nyumba, unajua kwamba ufa ulitokea baada ya nyeupe ya pili na kabla ya njano. Ukikuta mahali pamezibwa kwa saruji, na saruji hiyo imefunika mwisho wa ufa lakini imepakwa njano, umepata tukio la tatu katikati ya mawili hayo.

Mwamba unasomwa vivyo hivyo. Mpasuko unaosogeza matabaka ni mdogo kwa umri kuliko kila tabaka ulilolisogeza, na ni mkubwa kwa umri kuliko tabaka la kwanza linalopita juu yake likiwa zima. Mshipa wa kwatzi nyeupe (madini magumu yanayong'aa kama kioo) au ukuta wa mwamba wa moto (uji wa mawe ulioganda) uliopenya kutoka chini ni mdogo kuliko kila ulichokipasua. Hata kuinama kwa matabaka ni tukio: yalitua yakiwa yamelala, hivyo kilichoyainamisha kilikuja baadaye.

Kaburi nalo ni mkato, na kusahau jambo hilo kuliwahi kuwasumbua wataalamu kwa miaka mingi. Mwaka 1913 Mjerumani Hans Reck alikuta mifupa kamili ya binadamu katika tabaka la pili la Bonde la Olduvai, akaamini kwamba mtu huyo aliishi wakati tabaka hilo linatua, yaani zama za mbali mno. Ubishi ulidumu mpaka miaka ya 1930, ulipobainika kuwa maiti ile ilizikwa: shimo lilichimbwa kutoka juu, likaingia katika tabaka la kale, na mtu aliyelazwa humo ni wa juzi tu kwa hesabu za jiolojia. Kwa hiyo ukikuta kitu ndani ya tabaka, kwanza chunguza kama kuna kingo za shimo kukizunguka, na kama udongo unaokifunika unafanana na ule wa pembeni.

Kanuni mbili ndogo hukamilisha hii. Kipande cha mwamba kilichomo ndani ya mwamba mwingine ni cha zamani kuliko huo uliokimeza. Kokoto zilizomo ndani ya mwamba wa kokoto zilikuwa sehemu ya mlima fulani kabla ya kuwa kokoto. Na joto huacha alama. Sufuria ya moto ikiteguliwa na kuwekwa juu ya mkeka, mkeka huungua. Kawa inayowekwa juu yake sufuria ikishapoa haipati kitu. Lava iliyomwagika juu ya ardhi imeunguza tabaka la chini yake tu, na lile la juu lilikuja baadaye likiwa salama. Lakini mwamba wa moto uliojipenyeza katikati ya matabaka mawili umeunguza pande zote mbili, na kwa hiyo ni mdogo kuliko yote mawili ingawa umelala chini ya mojawapo. Kwa macho, mambo haya mawili hufanana sana. Tofauti iko kwenye upana wa kidole kimoja au viwili vya mwamba ulioungua, uliogeuka rangi na kuwa mgumu. Hapo ndipo nyundo na lenzi zinapohitajika.

Mapengo

Sio kila wakati umeacha tabaka. Mwaka 1788, kwenye jabali la pwani ya Scotland liitwalo Siccar Point, James Hutton aliwaonyesha wenzake matabaka yaliyosimama karibu wima, yamekatwa kwa juu, na juu yake yamelazwa matabaka mengine yenye mwinamo mdogo tu. Maana yake ni kwamba yale ya chini yalitua, yakagandamana, yakasimamishwa, yakamomonyolewa, ndipo ya juu yakatua. Mstari mmoja usiozidi unene wa uzi umebeba muda mrefu kuliko rundo lolote linaloonekana pale.

Pengo la namna hiyo, ambapo pembe za matabaka hazilingani, hujitangaza lenyewe. Linalojificha ni lile ambalo matabaka ya juu na ya chini yote yamelala. Tafuta mpaka wenye mabonde na vilima vidogo, kokoto zilizotokana na tabaka la chini, au udongo mwekundu wa kale uliofukiwa. Ukiupata mstari huo, uchore kwa mstari mzito na uupe herufi yake, kwa sababu mmomonyoko nao ni tukio.

Kuunganisha ukingo na ukingo

Ukingo mmoja ni ukurasa mmoja. Ili kuunganisha na wa pili ulio ng'ambo ya bonde, tafuta tabaka lisilofanana na mengine: lenye rangi ya pekee, majivu ya volkano, au mfuatano wa matabaka matatu manne yanayorudiwa kwa mpangilio uleule na kwa unene unaokaribiana. Mahali penye visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe, kazi huwa nyepesi. William Smith, mpimaji wa mifereji aliyechapisha ramani kubwa ya jiolojia ya Uingereza mwaka 1815, alitambua kwamba kila tabaka lina jamii yake ya visukuku, na kwamba jamii hizo hufuatana kwa mpangilio uleule kila mahali.

Wakazi wa Kigoma hawana bahati hiyo kwa sehemu kubwa, kwani miamba mingi ya kwao ni ya kabla ya kuenea kwa wanyama wenye magamba na mifupa. Hapa hutegemewa rundo lenyewe. Katika miamba ya Uha, chini kuna lava za Gagwe, juu yake chokaa ya dolomaiti ya Ilagala, na juu zaidi matabaka mekundu ya Manyovu. Lava hubeba madini yanayoweza kupimwa, nazo zimepata umri wa takriban miaka milioni 800. Kwa kipimo hicho kimoja, na kwa kanuni ya Steno, tunajua kwamba matabaka mekundu ya Manyovu ni machanga kuliko miaka milioni 800, ingawa chembe za mchanga zilizomo ndani yake zinaweza kuwa za kale zaidi, kama kokoto zilivyo za kale kuliko mwamba uliozimeza.

Kimo si umri

Sasa turudi kwa mwanafunzi wetu. Kanuni ya rundo inafanya kazi ndani ya rundo moja. Kilima na sakafu ya ziwa si rundo moja, kwa kuwa kati yao kuna mipasuko mikubwa ya Bonde la Ufa, ambayo ilishusha upande mmoja na kuuacha mwingine juu. Shimo lililotokea likaanza kupokea maji na matope, kwa makadirio, tangu miaka milioni 9 hadi 12 iliyopita, na leo mashapo yake, yaani matope na mchanga uliotua humo, yana unene wa kilomita kadhaa. Ndani ya mashapo hayo kanuni inarudi kuwa sahihi. Katika vina visivyo na oksijeni hakuna mnyama wa kuyachimbua, hivyo tabaka jembamba jeupe la vijimea vya majini vya msimu wa upepo na kiangazi hulalia lile jeusi la tope la masika, na watafiti huyasoma moja baada ya jingine kutoka kwenye bomba la sampuli.

Ufukweni napo pana mtego huohuo kwa kipimo kidogo. Mahali Ujiji ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871 palikuwa karibu na maji. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1870 ziwa lilifurika kupitia Mto Lukuga upande wa Kongo, likachimba njia yake, na katika miongo iliyofuata likashuka kwa takriban mita 10, hata mnara wa kumbukumbu ya tukio lile leo uko mbali na ufuko. Kwa hiyo mchanga wa ufuko wa zama zile uko juu, na ule wa ufuko wa baadaye uko chini yake kwa kimo, bila kufunikwa nao. Ukipanda kutoka majini unakwenda kwenye yaliyo ya zamani. Ziwa nalo halikai: limepanda tena miaka ya karibuni na kutandaza mchanga mpya juu ya nchi kavu, kwa hiyo hata ngazi hizo za mchanga wa ufuko zisomwe kwa kuchimba kishimo na kutazama kipi kimelalia kipi.

Zoezi moja kamili

Chukua ukingo huu wa kubuni. A ni mwamba wa matope ulioinama. B ni mshipa wa kwatzi nyeupe unaoikata A. C ni mstari wa mmomonyoko unaozikata A na B. D ni mwamba wa kokoto, zenye vipande vya A na vya kwatzi nyeupe. E ni mwamba wa mchanga mwekundu wenye kabari za nyufa zilizoelekeza ncha chini. F ni lava, yenye vitundu juu, na imeunguza sehemu ya juu ya E. G ni mpasuko uliozisogeza A, D na E, lakini F inapita juu yake ikiwa zima, tena ni nene zaidi upande ulioshuka. H ni ukuta wa mwamba wa moto uliopasua kila kitu mpaka chini ya udongo I.

Kabari za E na vitundu vya F vinathibitisha kwamba rundo halijapinduliwa. A ilitua kwanza. Kabla ya C, ilikuwa imekwisha kuinama na kupenywa na B, na kokoto nyeupe ndani ya D ni shahidi wa pili kwamba B ilitangulia D. Zikafuata D na E. Kisha G ikapasua na kushusha upande mmoja, F ikamwagika na kujaza ngazi iliyobaki, ndiyo maana unene wake haulingani. H ikaja, na mwisho ukafanyika udongo.

Swali lililobaki ni lipi lilitangulia kati ya kuinama kwa A na kuingia kwa B. Yote mawili ni kabla ya C, lakini hakuna lililomkata mwenzake, na mshipa ungeweza kupenya matabaka yakiwa bado yamelala ukainama pamoja nayo. Mfuatano uandikwe hivi: A, kisha mabano yenye "mwinamo na B, haijulikani", kisha C, D, E, G, F, H, I. Usiyafute mabano hayo kwa kubahatisha. Rudi baada ya masika, mvua ikishauosha ukingo na kuvumbua uso mpya, ukiwa na mchoro uleule mkononi.